Nani Aziunge Picha za Mji Mkongwe?

Sultani Barghash bin Said alilijenga jumba la Beit al-Ajaib, Mji Mkongwe, mwaka 1883. Agosti 27, 1896 manowari za Waingereza ziliposhambulia eneo la kasri, majumba ya jirani yaliharibiwa na lenyewe likabaki limesimama. Uchakavu ndio uliolishinda. Desemba 25, 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, lakini kuwa kwenye orodha hakuzuii mvua wala chumvi ya bahari kula kuta za mawe ya matumbawe na chokaa.

Kwa hiyo suala la kumbukumbu za picha ni suala zito. Jengo kubwa katika mji wa vichochoro haliingii kwenye picha moja. Inabidi upige kadhaa, kila moja ipandane kidogo na jirani yake, kisha uziunge ziwe picha pana moja, yaani panorama. Simu ya leo inafanya hivyo kwa sekunde chache. Zipo programu za kulipia zinazofanya vizuri zaidi. Na ipo Hugin, programu huria ya kompyuta iliyoanzishwa na Pablo d'Angelo mwaka 2003, ambayo yeyote anaweza kuipakua, kuitumia, kuusoma msimbo wake na hata kuubadili. Ubishi uko hapa: kwa kumbukumbu ya mji, tuunge kwa kipi?

Wasemaji ni watatu. Mpigapicha ni kijana anayeishi kwa kamera yake: harusi, hoteli, nyumba za kupangisha wageni. Maalim alikuwa akifundisha upimaji ardhi, sasa amestaafu. Mhifadhi ni mwanamke anayeshughulika na majengo ya kale, na ndiye mwenye kuzihitaji picha zenyewe. Hoja ni zile zinazosikika kila watu wa kazi hizi wanapokutana. Nimezipanga kwa sauti tatu, nami nitaingia kati pale nitakapoona pana la kusema.

MPIGAPICHA: Shikamoo Maalim.

MAALIM: Marahaba mwanangu. Haya, tueleze kwa nini hutaki kuisikia Hugin.

MPIGAPICHA: Si kwamba sitaki kuisikia. Mteja wa hoteli ananiita saa 4 asubuhi, na saa 10 jioni anataka picha ya ukumbi mzima iwe imeshafika kwenye simu yake. Simu yangu inaunga hata sijashusha mkono. Nikitaka ubora zaidi nina programu ya kulipia: nachagua picha, nabonyeza, kazi imekwisha. Hugin inaniuliza lenzi yangu ni ya milimita ngapi, inanipeleka kwenye pointi, inanitaka nichague nikunjue picha kwa njia gani kama mchora ramani. Mimi si mpima ardhi.

MAALIM: Ukishaamua kuunga picha umeshaingia kwenye upimaji, upende usipende. Kila picha imepigwa kamera ikiwa imeelekea upande fulani, imeinuliwa au kuinamishwa kiasi fulani, imelala ubavu kiasi fulani. Programu yoyote ya kuunga, pamoja na hiyo ya simu, inazitafuta pembe hizo tatu kwa kila picha. Inatafuta pia lenzi inaona upana gani na inapinda mistari kiasi gani. Inazipata kwa kulinganisha vitu vinavyoonekana kwenye picha mbili: kona ya dirisha hapa, kona ileile pale. Ndizo hizo pointi. Hugin inakuonyesha hesabu hiyo, na ikikosea unaisahihisha. Simu inakupa jibu bila njia.

MPIGAPICHA: Na mteja wangu anataka jibu.

MHIFADHI: Mteja wako, sawa. Mimi nikipewa jibu bila njia sina pa kulipeleka. Nililetewa panorama ya simu ya nyumba moja yenye veranda ndefu ya nguzo. Picha nzuri, rangi nzuri, hakuna mshono unaoonekana. Nikazihesabu nguzo, nikaenda kuzihesabu na pale penyewe. Kwenye picha moja ilikuwa imepotea.

MPIGAPICHA: Aliyepiga alitikisika, dada.

MAALIM: Hata asingetikisika. Nguzo za veranda zinafanana zote. Programu inaona pambo juu ya nguzo ya tatu kwenye picha ya kwanza, inalikuta pambo la aina hiyohiyo juu ya nguzo ya nne kwenye picha ya pili, inaamini ni kitu kimoja. Picha zinalaliana vizuri, jengo limefupishwa kwa nafasi ya nguzo moja, na jicho halioni kasoro. Beit al-Ajaib yenyewe, kabla ya kuporomoka, ilikuwa imezungukwa na nguzo za chuma za namna hiyo ghorofa kwa ghorofa. Kwenye Hugin ungefungua ukurasa wa pointi, picha mbili zimekaa bega kwa bega, ukaona mara moja kwamba mstari umetoka nguzo hii kwenda nguzo nyingine. Unaifuta pointi hiyo. Unaweka mpya kwa mkono juu ya kitu kisicho na pacha: ufa kwenye plasta, doa la kutu, waya uliopita mbele ya ukuta. Unakokotoa upya.

MPIGAPICHA: Na nitajuaje kuwa sasa ni sahihi?

MAALIM: Baada ya kukokotoa, kila pointi inaandikiwa umbali wake wa kosa kwa pikseli. Pointi za pikseli moja au mbili ziache. Ukiona moja ina 40, usiifute haraka. Ifungue kwanza uitazame, kwa sababu huenda ndiyo ya kweli na zilizobaki ndizo za uongo.

Hapa naomba niwasimamishe, maana nadhani jambo lenyewe hasa ni hili na si kasi wala bei. Kazi ya Hugin inahifadhiwa kwenye faili inayoishia na herufi pto. Faili hiyo ni maandishi matupu. Ifungue kwa programu yoyote ya kuandikia utakuta mistari ya namna hii:

c n0 N1 x2811.4 y1320.7 X402.9 Y1334.1 t0

Maana yake inasomeka: katika picha namba 0 na picha namba 1 kuna kitu kimoja, kwenye ya kwanza kimekaa pikseli 2811.4 kutoka kushoto na 1320.7 kutoka juu, kwenye ya pili 402.9 na 1334.1. Mtu akiwa na mstari huo na picha mbili asilia, anaweza kwenda mwenyewe kuhakiki kama kweli ni kona ileile. Hahitaji kumwamini mpigapicha, wala kampuni, wala hata Hugin. Baada ya miaka 30, kama programu zote za leo zitakuwa zimetoweka, mwanafunzi mwenye hesabu za pembetatu ataweza kuisoma faili hiyo na kuunga upya. Panorama iliyokwisha kuungwa, ikiwa peke yake, haiwezi kuulizwa swali. Ndiyo sababu mimi, katika mjadala huu, simo katikati: niko upande wa Maalim. Lakini Mhifadhi ana jambo lililonishtua zaidi ya yote, na linaigusa Hugin yenyewe.

MHIFADHI: Maalim, umesifu sana pointi. Kuna aina ile ya kuiambia programu kwamba mstari huu umesimama wima.

MAALIM: Ndiyo, mwisho wake huandikwa t1 badala ya t0. Unaweka pointi mbili kwenye kona ya ukuta, juu na chini, unaiambia huu ni wima. Picha nzima inanyooka.

MHIFADHI: Na kama ukuta haujasimama wima?

MAALIM: …

MHIFADHI: Nusu ya kazi yangu ni kuta zilizoinama. Ukuta umetoka nje kwa sababu boriti za mikoko zimeoza kwenye ncha na dari haiushiki tena. Mtu anakuja na kamera, anaunga picha, anaiambia programu kona hiyo iko wima kwa sababu kwa desturi kona za nyumba huwa wima. Kwenye picha nyumba imenyooka. Umenifichia maradhi niliyokuitia uyapige picha.

MAALIM: Haki yako. Basi suluhisho lake ni la fundi mwashi. Tundika timazi. Uzi wenye uzito chini, uuning'inize mahali panapoonekana kwenye picha mojawapo, kwenye roshani au hata kwenye ngazi ya kukunja uliyoisimamisha pembeni. Pointi za wima ziweke kwenye uzi wa timazi, usiziweke kwenye ukuta hata mara moja. Ukuta ukiinama, utaonekana umeinama dhidi ya uzi.

MHIFADHI: Na nani ataniambia kama aliziweka kwenye uzi au kwenye ukuta?

MAALIM: Faili. Kila mstari wa t1 umo mle na mahali pake. Unaifungua, unatazama.

MPIGAPICHA: Programu yangu ya kulipia nayo ina mistari ya wima.

MAALIM: Inayo, na pengine inaifanya kazi hiyo vizuri. Swali ni kama faili yake itafunguka kwenye kompyuta ya Mhifadhi ambaye hajailipia, na kama itafunguka siku wewe umeacha kulipa.

MPIGAPICHA: Tuzungumze basi habari ya kulipa, kwa ukweli. Wapigapicha wengi ninaowajua hawalipi. Programu kubwa za picha siku hizi ni za kukodi kila mwezi, kwa kadi ya benki, kwa dola. Watu wanatafuta kopi iliyokrakiwa, fundi anakuwekea kwa bei ya chakula cha mchana. Kwa hiyo usiniambie Hugin ni nafuu. Kila kitu hapa ni nafuu.

MHIFADHI: Kwangu haiwezekani. Nikiandika ripoti ya jengo la serikali lazima niseme picha imetengenezwa kwa nini. Siwezi kuandika kopi ya wizi.

MAALIM: Na fundi huyo hukuwekea na vingine usivyovijua. Lakini mwanangu, sitetei Hugin kwa sababu haina bei. Kitu kisicho na bei kikiwa mali ya kampuni kinaweza kuondolewa vilevile. Microsoft walikuwa na huduma yao ya Photosynth, watu wakapakia humo picha pana za miji yao bila kulipa chochote. Februari 2017 ikafungwa. Google walikuwa na programu ya simu ya Street View, mtu anazunguka mahali pamoja anapata duara zima la nyuzi 360. Machi 2023 ikafungwa. Hakuna aliyevunja ahadi. Vilikuwa vyao, wakavifunga.

MPIGAPICHA: Na hizo huria zinakufa pia. Mtu anajitolea jioni baada ya kazi, siku akichoka nani anaendelea? Kampuni angalau ina mshahara wa kumlipa.

Hoja hii ya Mpigapicha ndiyo yenye nguvu kuliko zote alizozitoa, na haifai kujibiwa kwa maneno ya jumla. Jibu lake limo katika historia ya Hugin yenyewe, nami nimemwachia Maalim aisimulie kwa kirefu.

MAALIM: Mwaka 1998 profesa mmoja wa Ujerumani, Helmut Dersch, wa chuo cha Furtwangen, alitoa vifaa vya kompyuta vya kuunga picha akaviita Panorama Tools. Hesabu zote nilizozitaja, za pembe tatu na za kupinda kwa lenzi, alizipanga yeye kwa namna ambayo wapigapicha wangeweza kuzitumia. Kampuni moja ya Marekani, iliyojulikana kama IPIX, ilikuwa na hataza juu ya picha za duara zinazotengenezwa kwa lenzi pana mno, zile za jicho la samaki. Ikamtishia kumshtaki. Mtu mmoja, mwalimu, mbele ya mawakili. Akaweka kikomo cha nyuzi 160 kwenye lenzi hizo ili asiwaguse, na hatimaye akajitoa.

MPIGAPICHA: Si ndivyo ninavyosema? Alichoka.

MAALIM: Alishinikizwa, na alijitoa. Lakini msimbo wa maktaba yake alikuwa ameshautoa kwa leseni ya GPL, ambayo haimruhusu mtu kuurudisha kabatini. Wengine wakauchukua pale alipouacha. Kipande cha kuunga ambacho hakikuwa na msimbo wa wazi kikaandikwa upya. Ndicho kinachoitwa nona ndani ya Hugin. Andrew Mihal akaandika Enblend, inayofuta mishono kwa kuchanganya mwanga mpana kwa upana na mambo madogomadogo kwa udogo, kwa njia iliyoelezwa na Burt na Adelson mwaka 1983. d'Angelo akavivika vyote sura ya madirisha na vitufe. Kampuni ile ikafilisika mwaka 2006. Msimbo wa profesa unafanya kazi hadi leo.

MHIFADHI: Na PTGui je? Wengi wa kazi hii wanaisifu.

MAALIM: Wana haki ya kuisifu. Ni programu ya kulipia ya Uholanzi, ni ya haraka na ni nzuri. Nayo ilianza kama dirisha la kuendeshea vifaa hivyohivyo vya Dersch. Huyu kijana akiinunua sitamlaumu, maana mzizi ni mmoja.

MPIGAPICHA: Lakini kutafuta pointi zenyewe, Maalim. Nakumbuka watu wakisema Hugin unaweka pointi kwa mkono mpaka macho yanauma.

MAALIM: Zamani, ndiyo, na sababu yake ni hataza tena. Njia bora ya kompyuta kutambua kona ileile kwenye picha mbili, hata kama moja imezungushwa au imepigwa kwa mbali zaidi, ilikuwa ya David Lowe wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Inaitwa SIFT. Alipoionyesha na Matthew Brown mwaka 2003, ungeweza kuipa kompyuta rundo la picha zilizochanganyika ikazitenga yenyewe na kuziunga. Lakini ilikuwa na hataza Marekani iliyokwisha muda wake Machi 2020 tu. Kwa miaka kadhaa watu wa Hugin walilazimika kuifanya kazi hiyo kwa kipande kilichogawiwa kando, kisha wakatengeneza kitafutio chao kinachoitwa cpfind, kinachokuja na programu. Leo unabonyeza, pointi zinajipanga. Mkono unauhitaji pale tu kompyuta inapodanganyika, kama kwenye zile nguzo.

Nadhani Mpigapicha alishindwa kwenye hoja ya programu huria kufa. Hakushindwa kwenye hoja iliyofuata, na hapa wenzake wawili walipaswa kunyamaza wamsikilize, kwa sababu yeye ndiye anayesimama kwenye kichochoro na kamera mkononi.

MPIGAPICHA: Nyote mnazungumza kama picha zimeshapigwa. Niwaambie kinachoharibu panorama za Mji Mkongwe. Mtu anasimama uchochoroni, baraza iko hatua mbili kutoka kwake, mlango uko mwisho wa njia. Anajizungusha mwili huku kamera iko mbele ya uso. Akijizungusha hivyo lenzi haizunguki mahali pamoja, inatembea kwenye duara. Picha ya kwanza kona ya baraza imegusa kizingiti cha mlango wa mbali, picha ya pili imesogea imeacha mwanya. Sasa programu ifanye nini? Ikilinganisha mlango, baraza inakatika. Ikilinganisha baraza, mlango unakuwa na mifaa miwili. Hakuna Hugin wala programu ya fedha nyingi itakayotibu hilo.

MAALIM: Kweli. Lenzi lazima izunguke juu ya nukta moja.

MPIGAPICHA: Na nukta hiyo haiko pale kamera inapofungwa kwenye tripodi, iko mbele zaidi, ndani ya lenzi. Unaitafuta hivi. Weka kamera, tazama nondo ya dirisha la karibu na nguzo ya umeme ya mbali, zipange zifuatane moja nyuma ya nyingine. Geuza kamera kushoto, geuza kulia. Zikiachana, irudishe kamera nyuma kidogo kwenye kichwa cha tripodi, ujaribu tena. Siku utakayogeuza zikabaki zimefuatana, umeipata. Weka alama kwa utepe, usiisahau.

MHIFADHI: Na asiye na kichwa hicho cha tripodi? Vijana wangu wengi wana kamera tu.

MPIGAPICHA: Timazi ya Maalim ifanye kazi ya pili. Funga uzi chini ya lenzi, si chini ya kamera, uzito uishie karibu na sakafu. Chora alama ya chaki chini. Kila picha, uzito uwe juu ya chaki. Wewe unazunguka kuizunguka kamera, kamera haikuzunguki wewe. Utashangaa mtu anafika mbali kiasi gani kwa uzi na nati ya boliti.

MHIFADHI: Na mwanga? Kichochoro upande mmoja kiza, upande wa pili jua kali.

MPIGAPICHA: Kamera isiachiwe ijiamulie. Kipimo cha mwanga kimoja, rangi moja, fokasi moja, kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho. Shika kamera wima upate urefu wa ukuta. Kila picha ipandane na jirani yake angalau robo, na penye nguzo zinazofanana nenda theluthi. Ndani ya vyumba, ambako dirisha linawaka na dari ni nyeusi, piga kila upande mara tatu: ya kiza, ya kati, ya mwanga. Hilo nakiri Hugin inalifanya vizuri, ina kile kipande cha Enfuse kinachochagua sehemu iliyopata mwanga mzuri kwenye kila picha na kuzichanganya. Nimekitumia hotelini na mteja hakujua.

MAALIM: Kumbe unaitumia!

MPIGAPICHA: Kipande hicho, Maalim. Nimesema kipande.

MHIFADHI: Kuna na watu. Mji Mkongwe hauna saa tupu. Mtu anapita anatokea mara mbili kwenye panorama moja, au anatokea nusu.

MPIGAPICHA: Mimi huwafuta. Hoteli haitaki kuona mkokoteni.

MAALIM: Kwenye Hugin unaziba eneo la picha moja ili programu ichukue sehemu hiyo kutoka picha ya jirani. Hakuna kinachopakwa wala kubuniwa, ukuta unaouona ni ukuta uliopigwa kweli.

MHIFADHI: Ziba mkokoteni, sikatai. Ila eneo uliloliziba liandikwe.

MAALIM: Linaandikwa. Humohumo kwenye faili.

Mjadala uliendelea juu ya namna ya kukunjua duara kuwa karatasi bapa. Kukunjua kama ramani ya mcheduara kunaupinda ukuta mrefu wa Forodhani, mbele ya Beit al-Ajaib, kama upinde. Kukunjua kwa mistari minyoofu kunaunyoosha, lakini ukipita nyuzi 120 hivi pembeni kunavutika vibaya. Hugin ina njia nyingi, na moja imepewa jina la Panini, mchoraji wa Italia wa karne ya 18 aliyesifika kwa kuchora kumbi kubwa za Roma; hiyo huacha mistari ya wima minyoofu na kuutuliza upana. Kwa mtu wa kumbukumbu uchaguzi huu si mzito, kwa sababu mwenye picha asilia na faili anaweza kukunjua atakavyo mara elfu.

Walikubaliana pia, kwa haraka, kwamba kwa uso mzima wa jengo unaotakiwa kupimwa kwa sentimita, panorama haitoshi hata ikiungwa vizuri namna gani. Hapo inahitajika njia ya kujenga umbo la pande tatu kutoka picha zilizopigwa sehemu nyingi, nayo ina programu zake huria, mojawapo ikiwa Meshroom. Huo ni mjadala wa siku nyingine.

MHIFADHI: Basi semeni mnaniachia nini.

MPIGAPICHA: Mimi sitabadili kazi yangu ya hoteli, nasema kweli. Simu na programu yangu zitabaki. Lakini ukiniita kupiga nyumba inayoanguka, nitakuja na uzi na chaki, na picha zote nitakupa moja moja kabla sijaunga kitu.

MAALIM: Na mimi nitakaa na vijana wako tuziunge kwa Hugin, tukuachie faili ya maandishi pamoja nazo.

Uamuzi wangu ni huu. Picha ya biashara iungwe kwa chochote kinachompa mpigapicha riziki yake. Picha ya kumbukumbu ya jengo, iwe Mji Mkongwe, Lamu au Kilwa Kisiwani, isipokelewe na ofisi yoyote bila vitu vitatu: picha asilia kama zilivyotoka kwenye kamera, faili ya kuunganishia inayoweza kusomwa na mtu asiyelipia programu, na timazi inayoonekana kwenye angalau picha moja. Kwa leo Hugin ndiyo inayotimiza sharti la pili kwa urahisi kuliko nyingine ninazozijua, na inafanya kazi kwenye Linux, Windows na macOS, hata kwenye kompyuta ya kawaida ya shule ukiwa na subira. Vyuo vyetu vinavyofundisha upimaji na upigaji picha viiweke kwenye mafunzo ya mwaka wa kwanza. Mwanafunzi atajifunza pembe, lenzi na makosa ya vipimo kwa kuupiga picha mtaa wake mwenyewe.

Na wewe msomaji uliyewahi kusimama Forodhani kabla ya Desemba 2020 ukapiga picha tatu, nne za Beit al-Ajaib zikifuatana kwa sababu jumba halikuenea kwenye moja: usizifute, na usitume ile iliyoungwa na simu peke yake. Zinakili mahali pawili tofauti, kisha uwapelekee wanaoshughulika na uhifadhi wa jengo hilo picha zenyewe, moja moja, bila kuzipunguza ukubwa.